Shajara ya gemu ya magari: diski imekufa, tunatengeneza yetu

Jumanne, 10 Juni

Diski imekufa leo saa nne asubuhi. Ni ile ya Cars, gemu ya PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2006 sambamba na filamu yake ya katuni, na hapa nyumbani kwa mama, Tanga, imechezwa tangu kaka yangu hajaoa. Siku hizi wanaoicheza ni wanawe wakija likizo kutoka Dodoma: kifungua mimba, mvulana wa miaka 11, na kitinda mimba, binti wa miaka 5. Nimeisugua kwa dawa ya meno, nimeipangusa kwa kitambaa cha miwani, nimeilaza mashine kichwa chini kama tulivyofanya zamani. Inafika kwenye picha ya kusubiri, inakwaruza, inanyamaza. Mkubwa ameishika diski penye mwanga wa dirisha, amehesabu mikwaruzo, akasema, "Basi." Mdogo ameuliza tutanunua lini nyingine.

"Tutatengeneza yetu," nikajibu. Mdomo uliponza kichwa.

Mimi ni mhasibu. Usiku najifunza Godot, injini ya kutengenezea gemu ambayo ni ya bure na kuipakua hakumalizi bando. Mpaka sasa nimekamilisha gemu moja tu, ya kudaka maembe kwa kapu. Magari sijawahi.

Kabla sijafungua kompyuta nimewaketisha mkekani nikawauliza walikuwa wanapenda nini ndani ya ile ya zamani. Mkubwa hakusita: kuserereka kwenye vumbi, na kuruka. Haki yake. Waliotengeneza gemu ile, Rainbow Studios wa Phoenix, Arizona, walikuwa wameshatengeneza gemu za pikipiki za motokrosi na za yale mapikipiki ya magurudumu manne, kwa hiyo vumbi walilijua. Mdogo amenishangaza. Yeye hajawahi kumaliza mbio hata moja. Alikuwa anazurura tu mjini Radiator Springs, anamtafuta Mater, lile gari bovu la kuvuta magari mabovu, akimpata anamgonga na kucheka. Nimemwona akifanya hivyo miaka miwili na sikuwahi kulitilia maanani: nusu ya wachezaji wa gemu ya mbio humu ndani hawakuwa wakishindana na mtu.

Masharti nimeyaandika nyuma ya kalenda. Iishe kabla watoto hawajarudi kwao. Wacheze wawili kwenye skrini moja. Na bibi yao, ambaye hajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani mwake, amalize raundi moja bila kuuliza kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Mkubwa alitaka McQueen, gari kuu la ile filamu, mwekundu, namba 95. Nimekataa. McQueen ni mali ya Disney na Pixar, na hata tukisema gemu itabaki humu ndani, nazijua flashi za ukoo wetu zinavyotembea. Nikawaambia tuchukue namna ya filamu ile ya kuyafanya magari yawe watu, halafu magari yawe yetu.

Siku nzima ikaishia kwenye macho. Katuni nyingi huweka macho ya gari kwenye taa za mbele. John Lasseter, mwongozaji wa Cars, aliyaweka kwenye kioo cha mbele, kama yalivyokuwa kwenye katuni fupi ya Disney ya mwaka 1952 kuhusu kigari cha buluu. Nilidhani ni pambo tu mpaka nilipojaribu zote mbili kwenye Hiace. Macho yakiwa kwenye taa, linakuwa chura. Yakipanda kwenye kioo, gari zima linakuwa kichwa, na linaanza kutazama kitu.

Tatizo la Hiace ni kwamba halina pua. Gari la McQueen lina boneti ndefu, chini yake mdomo, uso umejitengeneza wenyewe. Hiace ni ukuta. Mdogo ndiye aliyetatua: kibao cha namba kiwe mdomo. Na yale maandishi wanayobandika wenye daladala juu ya kioo yamekuwa nyusi. Bajaji nalo lina waipa moja, kwa hiyo likipita kwenye dimbwi linakonyeza jicho. Hilo sikulipanga, limetokea kwa kosa langu la kuweka waipa mbele ya jicho badala ya nyuma yake, na wamenikataza kulirekebisha.

Magari manne: Hiace (la mkubwa), bajaji (la mdogo), lori la mkonge, na la nne bado.

Jumamosi, 14 Juni

La nne limepatikana. Bibi yao alipita nyuma yetu na sinia la mihogo, akatazama skrini, akauliza, "La babu yenu liko wapi?"

Marehemu baba alikuwa na Peugeot 404, rangi ya maziwa. Ninayo picha yake imeegeshwa chini ya mwembe, mimi nimekaa juu ya boneti. Mkubwa alipoiona picha alicheka, akasema hilo litakuwa la mwisho kila siku. Mama akaweka sinia chini. "Hilo gari lilishinda Safari. Si mara moja."

Nimehakikisha, na mama hakukosea. Peugeot 404 ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, tatu mfululizo, enzi ambazo mbio zile zilipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye tope ambalo liliyameza magari mengi kabla ya nusu ya safari. Mdogo wake, 504, akaja kushinda 1975 na 1978. Mkubwa akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kwa mtoto wa darasa la tano: "Kumbe ni Doc."

Ndiyo. Katika filamu Doc Hudson ni mzee wa mjini, hakimu na daktari, hakuna anayejua kwamba aliwahi kuwa bingwa. Gari alilochorwa nalo, Hudson Hornet, kweli lilitawala mbio za NASCAR mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sisi tulikuwa na wetu chini ya mwembe.

Peugeot ya babu imeingia. Nimeipa kasi ndogo kwenye lami na mshiko mkubwa kwenye vumbi. Macho nimeyachora yamelegea kidogo, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Jumatatu, 16 Juni

Leo ni fizikia, na leo nimeaibika.

Godot inakupa gari lililo tayari: mwili mmoja, magurudumu manne, springi zake, nguvu za injini. Nimejaza namba kwa kukisia. Hiace likakata kona ya kwanza likalala ubavu. Nikashusha uzito chini, likakaa, lakini likawa linatetemeka kama lina malaria. Nikakaza springi, likaruka juu ya paa la soko. Watoto walifurahi mno kuliko kitu chochote tulichotengeneza wiki hii.

Usiku nikaachana na magurudumu. Kuna ujanja wa siku nyingi unaotumiwa kwenye gemu nyepesi: chini ya gari kuna mpira mmoja usioonekana, wa mviringo, na huo ndio unaosukumwa. Gari ni picha tu iliyopanda juu ya mpira, inageuza uso wake upande unaoelekezwa na pedi, inainama kidogo kwenye kona ili macho yadanganyike. Magurudumu yanazunguka kwa urembo. Mpira haupinduki, maana mpira hauna juu wala chini. Kwa ukubwa niliouchagua, nusu kipenyo cha nusu mita, unapanda hata matuta ya barabarani bila kulalamika.

Kabla ya kulala nikagundua kwamba kwa kasi kubwa magari yanapenya kuta. Hesabu yake ni rahisi. Injini ya gemu inapiga hatua 60 kwa sekunde. Gari likienda mita 40 kwa sekunde, kila hatua linasogea karibu sentimita 67. Kuta zangu zilikuwa na unene wa sentimita 20. Mpira unajikuta umeshaukanyaga ukuta katikati, na injini inautoa nje kwa upande wowote, mara nyingi upande mbaya. Nimezinenepesha kuta hadi mita 2 kwa upande wa nje usioonekana.

Alhamisi, 19 Juni

Barabara. Tulianza na Ngamiani, kwa sababu mitaa yake ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, kuendelea mpaka ya 21, na mkubwa aliona ni kama imepangwa kwa ajili ya gemu. Imepangwa kwa ajili ya watembea kwa miguu. Kona za pembe mraba zinakwaza: mdogo akifika anaganda ukutani, anabonyeza kila kitufe, analia kwa hasira. Nimebakiza Ngamiani kuwa mahali pa kuzurura, hakuna saa wala mshindi, baiskeli zinapita taratibu na zikigongwa zinapiga kengele tu. Mbio tumezihamishia Raskazone, barabara ya kuzunguka kando ya bahari, kona pana.

Kujua nani anaongoza kunahitaji mstari. Nimechora mstari mmoja katikati ya barabara nzima, na kila gari linaulizwa: uko karibu na sehemu gani ya mstari? Mita 310? Wewe mbele. Mita 280? Wewe nyuma. Ikafanya kazi vizuri mpaka mahali barabara inapojikunja na kurudi karibu na yenyewe. Gari likitanua kona, sehemu iliyo karibu zaidi inakuwa ile ya upande wa pili, na linaruka kutoka mita 200 hadi mita 520 bila kusogea.

Kubwa kuliko hilo: mdogo alishinda raundi tatu kwa sekunde tisa. Alichanganya vitufe, akarudi nyuma kutoka mstari wa kuanzia. Nyuma ya mstari wa kuanzia ni mita za mwisho za raundi. Akarudi mbele, akavuka, raundi moja. Akarudi tena. Kaka yake alikuwa bado hajafika kona ya kwanza alipoona maneno UMESHINDA upande wa pili wa skrini.

Nimeweka vituo saba vya kupita kwa mpangilio. Usipopita cha nne, cha tano hakikuhesabu. Mdogo ameniambia nimeharibu gemu.

Jumapili, 22 Juni

Siku nzito hii, nitaiandika yote.

Mtoto wa miaka 5 na wa miaka 11 hawawezi kushindana sawa. Ukiacha ilivyo, mmoja anamaliza na kwenda kunywa maji, mwingine bado yuko kona ya pili peke yake, na mbio ya pili hakuna anayeitaka. Gemu za familia zina dawa ya zamani: anayeachwa anaongezewa kasi kimyakimya, anayeongoza anabanwa. Mimi nimeiita manati, kwa sababu ni kama magari yamefungwa kwa mpira: ukiuvuta mbali, unavutwa nawe. Niliweka hivi: ukiachwa zaidi ya mita 30, kasi yako ya juu inapanda kwa asilimia 12, ukiachwa mita 60, asilimia 20. Sikuwaambia.

Mbio tatu za kwanza zilikuwa tamu ajabu. Zote zilimalizwa kwa tofauti ya pua. Mama akatoka jikoni kutazama kelele ni za nini.

Mbio ya nne mkubwa alisimama. Alikuwa anaongoza, akasimama kando ya bahari, akageuza Hiace litazame nyuma, akasubiri. Bajaji likafika, likampita, akaanza kulifuata kwa mbali huku midomo yake ikihesabu. Mbio ya tano alikaa wa pili makusudi mpaka kona ya mwisho, akiwa nyuma mita 35 hivi, akaiachia manati imrushe, akashinda. Ya sita hivyo hivyo. Ya saba hivyo hivyo. Akaweka pedi chini.

"Shangazi, gari lake linadanganya. Na langu pia."

Nikajaribu kueleza. Ni mdogo, anahitaji msaada, nawe ulikuwa mdogo. Akanisikiliza kwa adabu, kisha: "Nikikimbia vizuri unampa yeye mafuta. Sasa nikimbie vizuri ili iweje?"

Sikuwa na jibu. Kazini kwangu mtu akipunguza deni la mmoja kwa kumwongezea mwingine bila kuandika popote, tunalijua jina lake.

Jumanne, 24 Juni

Umeme umekatika kuanzia saa nane mchana hadi magharibi. Tumecheza bao.

Jumatano, 25 Juni

Jana gizani nilikuwa nikiwasimulia mwisho wa filamu, maana mdogo huwa analala kabla haujafika. Mbio za mwisho: King, bingwa anayestaafu, anapata ajali raundi ya mwisho. McQueen yuko hatua chache kutoka mstari. Anafunga breki, anamwacha mpinzani wao Chick Hicks apite achukue kombe, anarudi nyuma, anamsukuma King mpaka avuke.

"Mbona kwenye yetu hawezi kunisukuma?" mdogo akauliza.

Bao likaishia hapo kwa upande wangu. Anayekua Tanzania hahitaji kuelezwa kusukuma gari. Betri imekufa, abiria wanashuka, wapita njia wanaweka vikapu chini, moja mbili tatu, linawaka, mnapanda huku linatembea. Nilikuwa natafuta msaada unaojificha, wakati tunao ambao kila mtu anauona na mwenye kuutoa anapewa asante.

Leo nimeifuta manati yote. Sheria mpya: bampa yako ya mbele ikigusa bampa ya nyuma ya mwenzako, nyote mkielekea upande mmoja (nimeruhusu pembe isiyozidi nyuzi 25), nyote mkiwa mmekanyaga mafuta, mnaenda pamoja kwa kasi ya juu iliyoongezwa kwa asilimia 25. Na anayesukuma anajaza tangi dogo chini ya skrini yake. Tumeliita tangi la asante. Likijaa, linakupa mbio za ghafla kwa sekunde tatu.

Kuomba kusukumwa, unapiga honi. Kitufe kipo, sauti bado.

Tatizo liliibuka saa hiyo hiyo. Aliye mbele mita 60 anarudi nyuma kwa faida gani? McQueen, kama mkubwa alivyonikumbusha, hakupata hata pointi moja kwa kusukuma. Filamu ikamlipa kwa njia zake, umati ukamshangilia yeye na Chick akabaki na kombe lake peke yake. Lakini mchezaji wangu ana miaka 11, yuko mkekani, hana umati. Kwa hiyo nimeweka kombe la mbio tano zenye pointi: 3 kwa wa kwanza, 2 kwa wa pili, na pointi 1 kwa kila mita 100 ulizosukuma, zikiandikwa wazi juu ya skrini ya kila mmoja.

Mkubwa amefungua daftari la hesabu. Sijawahi kujisikia nina ndugu wa damu kama jioni ya leo.

Jumamosi, 28 Juni

Shamba la mkonge. Barabara ya tatu na ya mwisho, ya vumbi, kwa ajili ya Peugeot.

Doc anamfundisha McQueen kwamba kwenye vumbi, ukitaka kwenda kushoto sana, zungusha usukani kulia. Kwenye msimbo wangu, yaani maagizo ninayoiandikia kompyuta, kuserereka ni mistari sita tu. Kila hatua naigawa mwendo wa gari mafungu mawili: unaoelekea mbele na unaokwenda ubavuni. Kwenye lami naufuta ule wa ubavuni kwa asilimia 30 kila hatua, kwa hiyo unakufa papo hapo. Kwenye vumbi naufuta asilimia 5 tu, gari linabaki likiteleza, na ukitaka lisizunguke kabisa huna budi kulirudisha pua upande wa pili. Mkubwa alilielewa baada ya saa moja. Mimi bado naishia mkongeni.

Mkonge wenyewe ulinila siku mbili. Miche 6,000 imejipanga kwa mistari, na kila mmoja nilikuwa nimeuweka kama kitu kinachojitegemea. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na haina kadi ya michoro ya maana. Skrini nzima ilitoa fremu (picha) 31 kwa sekunde, na nikiigawa kwa wachezaji wawili, 14. Inachorwa mara mbili, ndiyo maana. Dawa ni kuiambia sehemu ya injini inayochora skrini: huu hapa mche mmoja, hizi hapa sehemu 6,000 za kuuweka, chora kwa mkupuo. Fremu zikapanda hadi 40 na ushee. Kisha nikakumbuka kwamba PlayStation 2 ilikuwa na RAM ya MB 32, na ndani yake Radiator Springs nzima ilikuwa inatembea. Nikazima laptopu kwa heshima.

Jumanne, 1 Julai

Mama amecheza.

Kwa ajili yake nilitengeneza usukani wa bibi, nikiiga kitu nilichokiona kwenye Mario Kart 8 Deluxe ya mwaka 2017: gari linajikanyaga mafuta lenyewe, na pua yake inavutwa taratibu irudi kuelekea katikati ya barabara. Mchezaji akikosea, kosa linapungua. Akipatia, hagundui kitu. Unawashwa kwa kuchagua picha ya kanga. Safari hii niliwaambia wote, na mkubwa aliridhia. "Bibi sawa," akasema.

Alishika pedi kama anashika kuku, mbali na mwili. Raundi nzima ya mkonge hakuuliza swali hata moja. Alichofanya ni kumsalimia kila mwendesha baiskeli. Alipovuka mstari akauliza kama anaweza kwenda nyumbani, akimaanisha pale Ngamiani pasipo na mashindano, nikamwonyesha, akakaa huko dakika 40 anaendesha Peugeot barabara kwa barabara, akitutajia nani alikuwa anakaa wapi. Nyumba zote ni maboksi yangu ya kijivu. Haikumzuia.

Nimemrekodi kwa simu akihesabu kuanzisha mbio: "Tatu, mbili, moja, haya twendeni!" Mara ya kwanza alihesabu kwenda juu, moja, mbili, tatu, akaendelea mpaka saba. Tumehifadhi zote mbili. Mashine inachagua kwa bahati nasibu, na asiyesikiliza vizuri anaondoka mapema.

Jumamosi, 5 Julai

Kombe. Mbio tano, pedi mbili za USB, mama ni msimamizi wa pointi ingawa mashine inahesabu.

Mbio ya kwanza na ya pili mkubwa alikimbia kama zamani, akashinda zote. Jumla 6 kwa 4. Ya tatu alipiga hesabu. Alimsubiri dada yake baada ya kona ya mnara, akamsukuma mita 200 na kitu, pointi 2, tangi likajaa, mita za mwisho akachomoka na asante yake akampita. Pointi 5 kwenye mbio moja. Mdogo hakulia. Alikuwa anapiga kelele "sukuma, sukuma" njia nzima, na alipopitwa alicheka kama mtu aliyeshushwa kituoni na gari likaondoka.

Ya nne ndiyo niliyoingojea bila kujua. Hiace liliserereka likanasa mkongeni, bajaji likawa mbele. Mdogo akasimama. Akarudi nyuma, kitu ambacho anakijua kuliko sisi sote, akazunguka mpaka nyuma ya kaka yake akaanza kumsukuma. Bajaji linasukuma Hiace. Kwa sheria zangu linaweza, maana wote ni mipira ya ukubwa mmoja. Alimsukuma mita 340, wakavuka mstari Hiace likiwa mbele kwa urefu wa bampa. Skrini ikaandika 3 kwa kaka, na kwa dada 2 za nafasi na 3 za kusukuma. Mkubwa akageuka kunitazama. "Amenizidi na nimeshinda mimi?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Sawa. Ila urefu wa kusukuma uwe na mwisho. Mtu anaweza kusukuma njia nzima akachukua kombe bila kushinda hata mara moja."

Amesema kweli, na nimeandika: mwisho mita 300 kwa mbio. Jumla baada ya mbio tano, 17 kwa 15, kombe kwake.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wameondoka na basi la asubuhi, flashi imo kwenye mkoba wa mkubwa ndani ya soksi. Nimebandika orodha ukutani: ukomo wa kusukuma (tayari), sauti ya injini ya lori (ni ya bajaji iliyopunguzwa kasi, inasikika kama ng'ombe), nyumba za Ngamiani zipate rangi, hasa ile ya barabara ya 12 ambayo mama anasema ilikuwa na milango ya kijani, na mtu mmoja ajaribu kucheza kwenye simu.

Saa kumi imeingia sauti kutoka WhatsApp ya kaka. Ni mdogo, bado wako njiani, nyuma yake kelele za basi. "Shangazi, honi. Umesahau honi ya bajaji. Nitamwitaje?"

Nimechukua simu, nimeenda kijiweni kwa madereva wa bajaji. Wa kwanza alidhani namrekodi kwa ajili ya polisi. Wa pili alipiga honi mara nne, akauliza kama nataka na ya kuomba njia kistaarabu. Nimechukua zote mbili.